Mashitaka Ni ya Mama Mwenyewe



Mjane mmoja aliyerudi toka kambini alitufikia. Mwenye kushika orodha ya mabati alikuwa amemwambia mara tatu: njoo jioni, peke yako. Sisi palepale tukasema: twende parke. Hakurudi tena. Kosa lilikuwa letu.

Sheria ya 2006 iko wazi: usumbufu wa kingono una kifungo cha mwaka 1 mpaka 12, na faini, ao kimoja kati ya hivyo. Lakini kesi haifunguliwi bila mashitaka ya aliyesumbuliwa mwenyewe. Basi anahesabu. Jina langu litafutwa kwenye orodha? Nani ataniamini, sina shahidi? Nauli ya pikipiki itatoka wapi, na watoto watakula nini siku hiyo? Hesabu hiyo sisi tuliiita woga.

Siku hizi tunaanza kwa kusikiliza. Tunaeleza sheria, kisha tunanyamaza, yeye anaamua. Akikubali, mama mwenzake anamsindikiza, na sanduku letu linalipa nauli. Akikataa, siri yake inabaki kwetu, na siku akibadili mawazo tuko naye.

Ndugu, sanduku hilo ni michango yenu. Musilichoke.