Kiungo Kwanza, Ubao Baadaye: Samani za Vipande kwa Vyumba Vinavyobadilika



Niliwahi kumtengenezea mteja kabati la mninga la milango mitatu, nikaliunga lote kwa gundi na misumari. Miezi minane baadaye akahamia chumba kingine, kabati likagoma mlangoni. Tulililaza, tukalisimamisha, tukalipindua. Mwishowe tukalipasua kwa msumeno, mwenyewe akitazama. Mbao zilikuwa nzima kabisa. Kosa lilikuwa kwenye kiungo, nami ndiye niliyelifanya.

Kitanda cha mteja yule kilipita bila taabu. Waliotutangulia walikwisha kulifikiria jambo hili: matendegu manne, mifumbati minne, chaga juu. Gonga ulimi wa mfumbati utoke kwenye tundu la tendegu, na kitanda kizima kinalala kwenye mkokoteni. Mbona, mafundi wenzangu, maarifa hayo tumeyaacha kwenye kitanda tu?

Wapo walioanza na kiungo hata kwenye kabati. Huko Münsingen, Uswisi, mwaka 1963, mwenye kiwanda Paul Schärer na msanifu majengo Fritz Haller walikuwa wakitafuta samani za ofisi za kiwanda chenyewe, USM. Walianza na gololi ya shaba ya manjano iliyopakwa kromu, kipenyo chake milimita 25, yenye matundu sita: juu, chini, kushoto, kulia, mbele na nyuma. Mirija ya chuma hukutana hapo, na mabamba huziba nafasi iliyobaki. Rafu ya leo kesho huongezewa ghorofa, keshokutwa ikagawanywa kuwa makabati mawili. Mwaka 1969 benki ya Rothschild ya Paris iliagiza meza na makabati ya wafanyakazi 600, na biashara ikaanzia hapo. Gololi ni ile ile hadi leo.

Kromu ni ghali, sishauri tuiige. Tuige nidhamu ya kipimo. Viwanda vingi vya makabati Ulaya hutoboa matundu ya milimita 5, yakipishana milimita 32 kutoka kitovu hadi kitovu, na mstari wa mbele ukiwa milimita 37 kutoka ukingoni. Bawaba na reli nyingi za droo zinazouzwa madukani kwetu zimeundwa kwa mpango huo huo. Sisi tunatoboa kwa jicho, ndiyo maana rafu ya karakana yangu haiingii kwenye kabati la karakana yako.

Tahadhari moja kuhusu MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi: skrubu ikifunguliwa na kufungwa mara mbili tatu, tundu hulegea na unga ukamwagika. Kiungo kitakachofunguliwa kila mteja akihama kipewe bolti na nati, hata kama bei itapanda kidogo. Mteja aelezwe sababu, atalipa.

Nimekuja na kigezo: bapa la chuma lenye matundu ya milimita 5 kila baada ya milimita 32. Naomba kizunguke meza kwa meza. Kila mmoja atoboe mbao mbili, kisha abadilishane moja na jirani yake, tuone kama zinashikana.