Mswaki wa Umeme au wa Mkono: Upi Unafaa Meno na Fizi Zetu?



Mswaki wa umeme umeingia Ukambani. Vijana wanauagiza kwa simu, na wanaofanya kazi Nairobi wanawaletea wazazi wakija Krismasi. Basi swali linaloulizwa ni hili: je, familia iuze debe la ndengu ili inunue mswaki wa umeme, au ule wa dukani unatosha?

Kabla ya bei, tuanze na damu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliochapishwa na Wizara ya Afya mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya watu wazima 9 katika kila 10 nchini Kenya walikuwa na fizi zinazotoka damu. Kwa hiyo anayetema mate yenye wekundu asubuhi hayuko peke yake. Shida ni kile anachofanya baada ya hapo. Wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki mahali hapo, wakidhani wameumia. Ukweli ni kinyume. Damu hutoka kwa sababu ukoga umekaa kando ya ufizi, vijidudu vikaongezeka na ufizi ukavimba. Ukiacha kusafisha, ukoga unagumuka kama jiwe, ufizi unaachana na jino, na mwisho jino zima lisilo na tundu hata moja linalegea na kung'oka. Ukiendelea kusafisha taratibu, mara nyingi damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, hiyo ni kazi ya daktari wa meno. Ukoga uliogumuka hautoki kwa mswaki wa aina yoyote, wa umeme au wa mkono. Unakwanguliwa kwa vyombo vya hospitali.

Sasa tuulinganishe miswaki yenyewe. Mwaka 2014 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti za tiba za nchi mbalimbali, lilitoa mapitio ya tafiti 56 kuhusu jambo hili. Baada ya zaidi ya miezi 3, waliotumia mswaki wa umeme walikuwa na ukoga pungufu kwa asilimia 21, na uvimbe wa fizi pungufu kwa asilimia 11, kuliko waliotumia wa mkono. Hiyo ni tofauti ya kweli, na si haki kumwambia mwananchi kwamba wa umeme ni mapambo tu. Lakini tafiti hizo zilipima ukoga na fizi, si idadi ya meno yaliyong'oka. Tena asilimia 11 si muujiza.

Wa umeme unashinda kwa sababu kichwa chake kinajizungusha au kutikisika chenyewe, na mingi ina saa ndani inayohesabu dakika 2. Mtu anayetumia wa mkono huchoka mapema akidhani amemaliza. Hesabu kwa simu yako kesho asubuhi uone. Mzee ambaye vidole vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, mama aliyepatwa na kiharusi, au mtoto mwenye ulemavu wa mikono atasaidika sana nao. Kwa watu hao, kama uwezo upo, pesa hazitakuwa zimepotea.

Kwa wengine, hesabu ni tofauti. Mswaki wa mkono unapatikana kwa chini ya shilingi 100. Wa umeme ulio mzuri ni maelfu, na kila baada ya miezi 3 hivi kichwa chake hubadilishwa, nacho kinauzwa. Ule wa kuchajiwa unahitaji stima, na kuna vijiji ambako hata simu hupelekwa sokoni kuchajiwa. Mswaki wa umeme uliozimika kabatini hausafishi jino, na kichwa kilichochakaa kinachoendelea kutumiwa mwaka mzima kinashindwa na mswaki mpya wa bei ya chini. Halafu kuna jambo la familia kubwa: mswaki haugawanywi. Pesa za mmoja wa umeme zinaweza kuwanunulia watu wote wa nyumba moja miswaki yao ya mwaka mzima na dawa ya meno juu yake.

Anayebaki na wa mkono achague wenye nywele laini na kichwa kidogo. Wengi hupenda mgumu, wakiamini nguvu ndiyo usafi, kumbe wanakwangua ufizi mpaka mizizi ya jino inabaki wazi. Uinamishe mswaki uelekee pale jino linapokutana na ufizi, uuzungushe kidogo kidogo, nje, ndani na juu ya magego, dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Tema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floridi iliyo kwenye dawa ibaki kazini. Ukitumia wa umeme usisugue kabisa. Uweke tu kwenye jino na uuache ufanye kazi yake. Nywele za mswaki zikitawanyika, tupa.

Na mukayau je? Wazee wameutumia mti huu vizazi na vizazi, na Waislamu wa mji wa Kitui na wa pwani wanaujua kwa jina la mswaki. Ukitafunwa ncha mpaka uwe kama brashi, unasafisha vizuri upande wa nje. Upande wa ndani na nyuma ya magego ndiko unakoshindwa kufika, wala hauna dawa yenye floridi ya kutosha. Utumie, ila usiache mswaki wa dukani kwa ajili yake.

Jambo moja zaidi linawahusu wakazi wa huku. Baadhi ya visima virefu vya maeneo kame vina floridi nyingi. Kiwango cha mwisho kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi hapo, meno yakiwa bado yanajiunda ndani ya taya, hutoka na meno yenye madoa meupe au ya kahawia. Madoa hayo si uchafu. Hakuna mswaki unaoyatoa, hata uwe wa shilingi elfu kumi, na anayeyasugua kwa majivu, mchanga au makaa anamaliza tabaka la nje la jino ambalo halioti tena. Mtoto wa namna hii huchekwa shuleni na kuitwa mchafu, ilhali pengine anapiga mswaki kuliko wenzake. Walimu na wazazi waelewe hivyo. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri ndiyo yanayofaa zaidi kwa watoto wadogo pale ambapo kisima kimepimwa kikazidi.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Mzazi ashike mswaki au asimame karibu mpaka mtoto afike miaka 7 au 8.

Mwenye kisukari asikawie akiona fizi zimevimba, kwa kuwa ugonjwa wa fizi hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Mwenye jino linalolegea, usaha au harufu isiyoisha aende hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitui au Wote, au amwone mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake amwelekeze kituo cha karibu chenye huduma ya meno. Aende hata kama hapo jino haliumi, kwani ugonjwa wa fizi huendelea kwa miaka bila maumivu.