BOMBA LA KIYOYOZI LINALOVUJA: MANENO KWA MAFUNDI NA MADEREVA WA KITENGELA NA KAJIADO



Mimi ni mtu wa reli, na huenda mwingine akauliza mtu wa reli ana habari gani na motokaa. Jibu langu ni kwamba sisi sote tunashughulika na mabomba yenye nguvu ndani yake. Katika treni, bomba la breki ya upepo likipasuka, breki hushika zenyewe na treni husimama. Ndivyo alivyoitengeneza George Westinghouse wa Marekani mwaka 1872, ili hitilafu ijitangaze. Bomba la kiyoyozi cha motokaa halina adabu hiyo. Likivuja, gari huendelea kwenda Namanga na kurudi, dereva hutokwa jasho tu, na hatari yote humngoja fundi.

Basi kwanza tujue kilichomo. Katika magari mengi tunayotengeneza hapa, ndani ya bomba kuna gesi iitwayo R134a. Siku ya joto la nyuzi 30, hata injini ikiwa imezimwa, gesi hiyo husukuma kwa nguvu ya karibu paundi 100 kwa kila inchi ya mraba. Gurudumu la gari dogo hubeba kama 30 tu. Tena gesi hiyo ikitoka nje hupoa mpaka nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikipiga jicho, huweza kulipofusha; ikipiga mkono, ngozi huungua kwa baridi kama ilivyoungua kwa moto. Kwa hiyo kijana anayefungua nati kwa spana huku ameinamisha uso juu yake anacheza na macho yake.

Pili, mahali panapovuja. Njia zetu za kwenda kwenye machimbo zina mawe na vumbi, na gari hutikisika mchana kutwa. Bomba la alumini husuguana na bodi mpaka hutoboka, raba hukauka, na oringi za maungio hukatika. Gesi ikitoka hutoka pamoja na mafuta ya kompresa, na vumbi huganda juu ya mafuta hayo. Ukiona doa jeusi lenye mafuta kwenye maungio, paka povu la sabuni utazame. Usijaribu kupima kwa oksijeni ya mtungi wa kuchomelea! Oksijeni ikikutana na mafuta kwa nguvu hulipuka. Kinachofaa ni naitrojeni kavu, yenye geji ya kupunguza nguvu.

Tatu, kazi yenyewe. Gesi iliyobaki hunyonywa kwa mashine mpaka kwenye mtungi wake. Haiachwi kupuliza hewani. Ndipo bomba bovu hufunguliwa, na midomo iliyobaki wazi huzibwa mara moja ili vumbi na unyevu visiingie. Bomba jipya hufungwa kwa oringi mpya zilizopakwa mafuta ya kompresa, na lile chujio la kukausha unyevu hubadilishwa pia. Kisha pampu hunyonya hewa yote kwa nusu saa au zaidi. Wengi huruka hatua hii ili kuokoa wakati. Lakini unyevu ukibaki huganda barafu na kuziba njia, tena huchanganyika na mafuta na gesi ukawa asidi, ukala kompresa. Baada ya kunyonya, funga geji ungoje: mshale ukipanda, bado panavuja. Mshale ukitulia, jaza gesi kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Usijaze kwa kukisia.

Nne, mambo mawili yasifanywe kabisa. La kwanza ni kuchomelea bomba ambalo bado lina gesi: nguvu yake huweza kulipasua, na gesi hiyo ikipita kwenye moto hutoa sumu inayounguza mapafu. La pili ni kujaza gesi ya kupikia kwa sababu ni rahisi. Ikivuja ndani ya gari lililofungwa madirisha, cheche moja yatosha kuwateketeza abiria.

Iko sababu nyingine ya kutopuliza gesi hewani. Gesi ya zamani, R12, iliharibu ozoni inayotukinga na jua, na mataifa yakapatana kuiondoa kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. R134a haiharibu ozoni, lakini kwa uzito ule ule hupasha dunia joto mara zaidi ya 1,000 kuliko moshi wa kaboni. Hii ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali yakapatana kuipunguza pamoja na jamaa zake. Sisi wa Kajiado tunaofahamu ukame na kufa kwa ng'ombe hatuhitaji kuelezwa sana.

Mwisho, haki zetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na inamtaka mfanya kazi avivae. Mwenye gereji akisema miwani na glavu ni anasa, msimwogope. Andikeni, mlete habari kwa chama. Na ninyi wa jua kali msio na mwajiri, hakuna atakayewanunulia. Pampu na mashine ya kunyonya gesi ni ghali kwa mtu mmoja, lakini mafundi kumi wakichanga wataweza kuvitumia kwa zamu. Nashauri kamati ilipokee jambo hili katika mkutano ujao, na kila fundi aanze leo kwa kumpa mwanagenzi wake miwani kabla ya kumpa spana.