Kadogo mwenye umeme: tutembee na watoto wetu kabla wengine hawajawachukua

Maneno yaliyotolewa katika baraza la amani, mbele ya wazazi na viongozi wa familia zilizohama kwa sababu ya vita

Tunawashukuru kwa kuacha kazi zenu, wengine hata foleni ya maji, ili tuongee. Leo hatukuja kuandika majina wala kuhesabu mabashi. Tumekuja kuzungumza juu ya mnyama mmoja mdogo wa rangi ya manjano.

Tunajua wengine watacheka. Lakini mnyama huyo nusura atuletee vita vidogo katika mtaa.

Ilikuwa hivi. Katika uwanja wa shule moja walilala watu waliokimbia kutoka milimani. Mtoto mmoja wa karibu miaka tisa alipata shati la mitumba lenye picha ya mnyama huyo. Watoto wa mtaa, ambao huwa wanalipa franga kidogo kucheza michezo ya video, wakamwambia: "Vua, wewe hujui hata jina lake." Akakataa. Mawe yakarushwa, mmoja akapasuka kwenye paji la uso. Kufika jioni, watu wazima walikuwa wakisema "wale wakuja" na "wale wenyeji". Tulipofika asubuhi, kidonda kilikuwa kidogo, lakini uvumi ulikuwa umesema kuwa mtoto ameuawa.

Tukawaketisha watoto wa pande zote mbili kwenye mkeka mmoja. Hatukuanza kwa kuuliza nani alikosa. Tulisema: "Ninyi mnaomjua mnyama huyu, mtuelezee." Wakaeleza, wakasahihishana, na yule wa shati akasogea karibu ili asikie. Nasi baadaye tulienda kutafuta zaidi. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mnyama huyo anaitwa Pikachu. Hakuzaliwa porini, alizaliwa Japani, katika mchezo wa video. Michezo ya kwanza ya Pokémon ilitoka huko Februari 1996, kwa mashine ndogo ya mkononi iitwayo Game Boy. Aliyeianzisha ni Satoshi Tajiri, mtu ambaye utotoni alipenda sana kukamata wadudu. Sura ya Pikachu ilichorwa na mwanamke, Atsuko Nishida. Katika mashavu yake mawili mekundu ndimo anamoweka umeme. Mwaka 1998 ulitoka mchezo mwingine, Pokémon Yellow, ambamo Pikachu ndiye mwenzi wa safari. Mchezaji anajifanya mtoto anayeaga mama yake na kutembea mji kwa mji.

Sasa sikilizeni vizuri, wazazi. Wanyama wengine wa mchezo huo wanafungwa ndani ya mpira mdogo na kubebwa. Pikachu huyu anakataa. Anatembea kwa miguu nyuma ya mtoto. Mtoto akigeuka na kumsemesha, anaonyeshwa uso wake: pengine amenuna, pengine anafurahi. Mwanzoni hamwamini mwenzake. Mashine inahesabu matendo polepole. Ukimpa dawa akiumia, imani inapanda. Ukitembea naye, inapanda. Ukimwacha apigwe mpaka azimie, inashuka. Ukimweka stoo na kumsahau, inashuka. Katika mji mmoja yuko mwanamke anayetunza wanyama walioumia. Anaweza kukupa mmoja wao umlee, lakini kwanza anaangalia kama Pikachu wako anakupenda. Ukiwa na feza nyingi na Pikachu wako hakuamini, unarudi mikono mitupu.

Kuna pia jiwe la radi linaloweza kumgeuza awe mkubwa na mwenye nguvu zaidi. Pikachu huyu analikataa. Anabaki mdogo.

Wakati watoto wakieleza hayo, koko mmoja aliyekuwa akichambua maharagwe pembeni aliuliza: "Huyo mdogo anapigana?" Wakajibu: "Ndiyo, koko, anapiga radi." Akauliza tena: "Na bwana wake, naye anapigana?" Wakasema: "Hapana, yeye anasimama nyuma na kuamuru." Koko akasema: "Basi huyo ni kadogo."

Watu wazima wote wakanyamaza.

Hatuna haja ya kuwaelezea neno hilo. Katika vita vya 1996 na 1997, watoto waliingizwa katika jeshi la AFDL, wakatembea kutoka mashariki mpaka Kinshasa, na watu wakawaita kadogo. Neno la nyumbani, ambalo mama anamwitia mtoto wake, likageuka kuwa jina la askari. Tangu hapo makundi mengi yamefanya vilevile, na wengine kati yenu mna mtoto ambaye hamjui alipo usiku huu.

Hatukumbishia koko. Ana haki. Mchezo huo unamfundisha mtoto kwamba mdogo anaweza kutumwa vitani na mkubwa akabaki salama. Mzazi anayeona mtoto wake akiucheza anapaswa kumwambia tofauti iliyopo. Katika mchezo, mnyama akishindwa anazimia tu. Anapelekwa kwenye kituo cha matunzo, anatibiwa bure, na anatoka mzima kama jana. Mtoto wetu akipigwa risasi, hakuna kituo cha namna hiyo. Hata waliotengeneza mchezo hawakuficha kifo kabisa: waliweka mji mmoja wenye mnara wa makaburi, na humo mna roho ya mama aliyeuawa na majambazi, ambaye mtoto wake amebaki yatima. Mtoto wa mtaa ndiye aliyetusimulia habari hiyo. Yule wa shati aliuliza: "Na huyo yatima anakaa kwa nani?" Hakuna aliyemjibu upesi.

Jambo lingine linatugusa sisi watu wa Kivu kuliko Wajapani. Pikachu anaweka umeme katika mashavu. Simu, kompyuta na mashine nyingi za michezo nazo zina vidude vidogo vya kuweka umeme, na baadhi yake vinatengenezwa kwa tantali, madini yanayotoka katika koltani. Wazee wanakumbuka mwaka 2000, bei ilipopanda ghafla. Wakulima waliacha mashamba, watoto waliacha shule wakaenda kuchimba, na wenye silaha wakajitafutia faida. Mwaka 2001 bei ikaanguka, lakini bunduki hazikuondoka. Kwa hiyo mtoto anayecheza mbali, mwenye furaha, na mtoto anayebeba udongo katika machimbo ya Masisi, wameunganishwa na kitu ambacho wote wawili hawakioni. Hatusemi hivyo ili tuchukie mchezo. Tunasema ili mtoto wetu ajue kwamba naye yumo katika habari hiyo, na kwamba mahali pake si shimoni.

Ndugu zetu, tumejifunza nini?

Kwanza, imani ya mtoto haipatikani kwa amri. Tunao watoto waliorudi kutoka makundi yenye silaha. Wengine wananuna, hawaongei, wanalala nje. Mzazi anakasirika: "Nimempokea, mbona hanipendi?" Mpe muda. Tembea naye kwenda kuchota maji. Mtibu anapougua. Mgeukie umsemeshe, uangalie uso wake. Na jirani asimwite muuaji au kadogo. Ana jina alilopewa na wazazi wake, aitwe hilo.

Pili, nguvu ya mtoto si mali ya mkubwa. Sheria ya nchi yetu namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na inakataza kumwingiza katika jeshi au kundi lolote lenye silaha. Na mjue kwamba jambo hili linahukumiwa kweli: Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kule La Haye, ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuingiza na kutumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri, na Julai mwaka huohuo akapewa kifungo cha miaka 14. Kiongozi akija kuwaambia "kila familia itoe kijana mmoja alinde kabila", mkumbuke hayo.

Tatu, hakuna anayekamilisha peke yake. Michezo ile ya kwanza ilikuwa na wanyama 151, lakini ilitolewa kwa namna mbalimbali, na kila moja ilikosa wanyama waliokuwa katika nyingine. Anayetaka kukusanya wote lazima amtafute mwenzake, waunganishe mashine zao kwa waya, wabadilishane. Tajiri aliufanya hivyo kwa kusudi. Hata sisi, mwenyeji ana shamba na kisima, aliyehama ana mikono, mbegu za kwao na ufundi wake. Wakifungiana mlango, wote wawili wanabaki na nusu.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne kabla ya mkutano ujao.

Kila kiongozi wa kikundi aandike watoto wanaoishi bila wazazi, na nyumba inayowalea, atuletee bila kutangaza majina yao hadharani.

Vijana watengeneze timu za mpira zilizochanganyika. Timu isifuate kijiji wala kabila.

Wazazi wajue mtoto anaangalia nini, anacheza wapi na anarudi saa ngapi. Mahali pa michezo penye watu wazima wanaotoa franga na ahadi za kazi mbali, mtuarifu haraka.

Mkisikia kwamba mtoto ameuawa au amepigwa, mtume watu wawili, mmoja wa kila upande, waende kuona kwa macho yao kabla ya mtu yeyote kushika fimbo.

Mtauliza yule mtoto wa shati amefikia wapi. Bado analivaa, limepasuka begani. Aliyempiga jiwe alimfundisha jina la mnyama, naye akamfundisha kutengeneza gari la mti lenye magurudumu, kama walivyofanya kijijini kwake. Hawajawa marafiki wa kila siku. Juma lililopita walikosana tena kwa ajili ya gari hilo. Lakini safari hii walikuja wenyewe mkekani, wawili, kabla hatujawaita.

Sasa maneno ni yenu, na tungependa wamama waanze.