Leza Iko Wapi? Utafiti wa Uzamivu Kuhusu Atomu na Leza Kali Hapa Kakamega

Mwenyekiti, walimu na wanafunzi wa fizikia mliofika hapa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu ya uzamivu kuhusu atomu ndani ya leza kali huulizwa mara moja: leza yenyewe iko wapi? Kwa kazi ya nadharia hatuihitaji. Tunahitaji mlinganyo wa Schrödinger, kompyuta, na uangalifu mkubwa. Huo uangalifu ndio ulionileta mbele yenu.

Elektroni ya haidrojeni imeshikwa kwa nishati ya elektronivolti 13.6. Fotoni moja ya leza ya nanomita 800, iliyoenea katika maabara nyingi, ina elektronivolti 1.55 tu. Kwa mwanga hafifu elektroni haing'oki. Leza ikiwa kali, atomu hufyonza fotoni tisa au zaidi kwa pamoja, na elektroni ikatoka. Mwaka 1979 Pierre Agostini na wenzake huko Saclay, Ufaransa, waliona elektroni zikifyonza hata fotoni za ziada, kupita zile za kuzitoa. Maelezo yaliyonivuta mimi katika taaluma hii ni ya Paul Corkum wa Kanada, ya mwaka 1993: uga wa leza huichomoa elektroni, huipeleka mbali, kisha ukigeuka huirudisha kwa kishindo kwenye atomu ilikotoka, na nishati yake hutoka kama mwanga. Mwanga huo ndio ulioleta mimweko ya atosekunde, ambayo Agostini, Anne L'Huillier na Ferenc Krausz walipewa Tuzo ya Nobel kwayo mwaka 2023.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Chukueni leza hiyohiyo ya nanomita 800, yenye wati trilioni 100 kwa sentimita ya mraba. Uga wake wa umeme ni takriban sehemu moja ya ishirini ya ule ambao protoni huishikia elektroni yake. Hata hivyo elektroni ikishatoka, uga huo huiyumbisha umbali wa nusukipenyo cha Bohr mara 16 hivi kila upande, na elektroni zenye kasi huenda mbali zaidi. Mwanafunzi akiweka mpaka wa eneo la hesabu karibu mno na atomu, elektroni hugonga mpaka huo na kurudi, na kwenye grafu hujitokeza vilele ambavyo katika atomu halisi havipo. Mtu anaweza kujenga sura nzima ya tasnifu juu ya vilele hivyo.

Kwa hiyo mpaka usogezwe mbali, hatua za muda zifupishwe, na matokeo yasibadilike. Mwingiliano wa atomu na mwanga uandikwe kwa njia ya urefu na kwa njia ya mwendokasi. Zisipokubaliana, hesabu bado haijatosha. Wasimamizi, tuyadai majedwali ya ukaguzi huu ndani ya sura za tasnifu, yasitupwe kiambatishoni.

Wengi hutamani heliamu mapema. Elektroni zake mbili husukumana, na hesabu huvimba kupita kiasi. Kwa hesabu hiyo watafiti wa Queen's University Belfast walihitaji kompyuta kuu za Cray. Mwanafunzi wetu na akomae kwanza na elektroni moja.

Kuna pia mambo ya hapa kwetu. Mvua ya alasiri huja na radi, stima hupotea, na hesabu ya siku kadhaa hupotea nayo. Programu ihifadhi wimbi la elektroni kwenye diski kila baada ya muda mfupi, ili stima ikirudi kazi iendelee pale ilipokatika. Kazi kubwa ziombewe nafasi kwenye Lengau, kompyuta kuu iliyozinduliwa Cape Town mwaka 2016. Anayeomba aende na matokeo ya haidrojeni yaliyokwisha kukaguliwa, kwa sababu hayo ndiyo yatakayoonyesha programu yake inahitaji saa ngapi na kumbukumbu kiasi gani.