Umeme wa Nyumba za Kupanga: Baada ya Mita ni Kazi ya Nani?

Mada iliyotolewa katika mkutano wa kamati za parokia za Kibaha na Kisarawe

Si mada inayovutia. Visima na ada za wanafunzi vipo kwenye ratiba ya mchana na tunajua wengi mnasubiri huko. Hata hivyo, katika kutembelea familia, kuanzia Maili Moja na Mlandizi hadi Kisarawe mjini na Maneromango, tumekutana mara kwa mara na jambo ambalo halimo katika mpango wa kamati yoyote, nalo ni hali ya umeme ndani ya nyumba za kupanga.

TANESCO inaleta umeme hadi kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani, nyaya ni za mwenye nyumba. Mwenye nyumba huyo mara nyingi anaishi Dar es Salaam na huonekana siku ya kodi. Ukimweleza kwamba soketi ya chumba cha tatu inatoa cheche, anajibu kuwa wapangaji ndio wanaoiharibu. Ukimwuliza mpangaji kwa nini haitengenezi, anasema, na si bila sababu, kwamba hawezi kutia fedha zake katika nyumba ya mtu. Huku wanabishana, ule waya unaendelea kuungua polepole ukutani.

Ni vyema tukaelewa nyumba hizi zimefikaje hapo. Nyingi zilisukwa nyaya wakati umeme ulikuwa wa taa, redio na pasi. Baadaye mwenye nyumba akajenga vyumba vya uani, na badala ya kuita fundi mwenye leseni akamwita kishoka, akavuta waya mmoja kutoka sebuleni, ukapita juu ya bati, ukaingia vyumba vinne vipya. Nyumba ya mbele iliombewa umeme kwa fomu na mchoro wenye muhuri wa mkandarasi. Vile vya uani havina mchoro wala muhuri. Na hata huo muhuri, kwa maoni yetu, si ushahidi kwamba mwenye nao aliwahi kupanda darini.

Sasa tupige hesabu kidogo. Umeme wetu ni wa volti 230. Birika la umeme la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9, na jiko la sahani moja la wati hizo hizo linavuta vivyo hivyo. Wapangaji watatu wakichemsha chai saa 12 asubuhi kwa wakati mmoja, ni ampea 26. Waya wa soketi ambao mafundi wanauita 2.5, yaani milimita za mraba 2.5, ukiwa ndani ya paipu haukukusudiwa kubeba mzigo huo kwa muda mrefu. Na huko uani mara nyingi si 2.5, ni 1.5, waya wa taa. Breka ikikata mara mbili tatu kwa siku, yule kishoka huitwa tena, naye huweka breka kubwa zaidi. Kero inakwisha siku hiyo hiyo. Lakini breka ipo kwa ajili ya kuulinda waya. Ukiikuza breka na kuuacha waya mwembamba, kitakachokatika kwanza ni waya, na hukatika kwa moto.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko miaka 10 iliyopita. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Nasi tunauunga mkono, maana tumeona moshi unavyowaumiza akina mama na tumeona mkaa unavyoilemea misitu yetu, Pugu na Kazimzumbwi ikiwamo. Lakini tukimgawia mama jiko la umeme, naye akalichomeka katika chumba cha uani tulichokieleza, hatujui tumemsaidia au tumemwongezea hatari. Kwa sababu hiyo tunaomba kwamba popote kamati inapopanga kugawa majiko ya umeme, fundi atangulie.

Kuna hatari ya pili ambayo haitoi moshi wala harufu. Ni waya wa ardhi. Nyumba nyingi tulizoingia zina fimbo ya ardhi iliyochomekwa kwa jina tu, nyingine waya wake umekatika, nyingine haipo kabisa. Katika sehemu nyingi za Kibaha udongo ni wa kichanga, na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri, hivyo fimbo fupi inayoweza kufaa penye udongo wenye unyevu haitoshi hapo wakati wa kiangazi. Tuseme njia ya kwenda ardhini ina kizuizi cha omu 200, na waya umechubuka ukagusa bati. Umeme utakaopita ni ampea 1 na kidogo. Breka ya ampea 16 haina habari, inadhani mtu amewasha taa kadhaa. Lakini mwili wa binadamu uko hatarini hata kwa miliampea 30, yaani sehemu ndogo sana ya hiyo ampea moja. Ndiyo maana watu husema "mlango unapiga shoti" na nyumba nzima taa zinawaka kama kawaida.

Tunaomba mzingatie hasa kamba za kuanikia nguo. Uani kwa wengi wetu kamba hiyo ni waya, umefungwa upande mmoja kwenye mti na upande mwingine kwenye pao au bati la nyumba. Bati likipata umeme, kamba nayo imepata. Anayeishika ni mama au mtoto, mikono ina maji, miguu iko peku. Kubadili waya huo kwa kamba ya katani au ya plastiki hakuhitaji mfadhili wala kikao.

Kipo kifaa cha kukata umeme unapovuja. Kinafungwa pale kwenye meni swichi, na kile cha miliampea 30 kinakata kabla mtu hajadhurika sana. Mafundi wenye leseni wanakijua. Ikiwa mwenye nyumba yuko tayari kugharamia kitu kimoja tu, sisi tungemshauri aanze na hicho pamoja na fimbo ya ardhi iliyopimwa, kabla ya kupaka rangi.

Kwa upande wa mpangaji, wakati wake wa kusema ni kabla hajalipa. Desturi ya kodi ya miezi sita au mwaka mzima inamnyima sauti baadaye, kwa sababu fedha zimekwisha kwenda na yeye hana pa kuhamia. Basi aingie chumbani mchana, LUKU ikiwa na yuniti, awashe kila swichi na kuchomeka kitu katika kila soketi. Aguse kwa testa fremu ya mlango na bomba. Soketi yenye alama nyeusi au iliyolainika imeshapata joto. Testa itamwambia kama umeme upo pasipostahili, ila haiwezi kumwambia waya wa ardhi ni mzima. Hilo linahitaji kipimo cha fundi. Atakayoyaona yaandikwe kwenye mkataba, mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji ikiwezekana.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangishaji ahakikishe chumba au nyumba ya kuishi inafaa kukaliwa na binadamu, tangu mwanzo na kwa muda wote wa upangaji. Mkishindwana, Baraza la Kata lipo kwa ajili ya usuluhishi. Uingereza wameenda mbele zaidi: tangu 2020 mwenye nyumba anayepangisha katika England lazima nyaya zake zikaguliwe angalau kila baada ya miaka mitano na mpangaji apewe nakala ya taarifa. Sisi hatujakutana na mwenye nyumba wa Mlandizi aliyeulizwa karatasi ya namna hiyo.

Mapatano ya fedha yanawezekana. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa mtu anaponunua LUKU, na anayenunua ni mpangaji ilhali jengo si lake. Wapo waliokaa na wenye nyumba wao wakakubaliana fedha hiyo ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Matengenezo ya nyaya yanaweza kupita njia hiyo hiyo: fundi mwenye leseni ya EWURA aandike gharama, mwenye nyumba asaini, mpangaji alipe, kodi ipungue.

Ndugu wajumbe, baadhi ya parokia zina nyumba za kupangisha na nyumba za walimu na wauguzi. Huko mwenye nyumba ni kamati. Tunapendekeza nyumba hizo ziwe za kwanza kukaguliwa, kabla hatujaenda kumsema mwenye nyumba wa Maili Moja. Kwa vijiji vya Kisarawe, penye nyumba ya chumba kimoja au viwili, ni vizuri kuulizia kifaa cha Umeme Tayari, UMETA, chenye soketi na breka ndani yake, kuliko kumpa kishoka kazi ya kusuka nyaya nyumba nzima.

Nanyi ndugu wafadhili, tunafahamu kwamba fedha za kuunganisha umeme hupatikana kwa urahisi, kwa sababu bibi akiwasha taa kwa mara ya kwanza picha inapendeza. Fimbo ya ardhi iko chini ya udongo, haipigiki picha. Tunaomba sehemu ya kila ruzuku ya umeme itengwe kwa ukaguzi, hata kama taarifa yake itakuwa ni ukurasa mmoja wa namba za vipimo.

Moto ukitokea, kata umeme kwenye meni swichi kwanza, usimwage maji, piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mtu akinaswa usimshike. Zima umeme, na kama hauzimiki msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu.

Orodha za nyumba za parokia, zikionyesha idadi ya vyumba, mwaka wa kusukwa nyaya kama unajulikana, na idadi ya familia zinazotumia mita moja, tunaomba zifike ofisini kabla ya mvua za masika, ili mafundi waanze na zile zenye bati linalovuja.