Safari ya Sibiloi: Tuanze na Mtungi wa Maji



Nimesikia vikundi vyenu vinachanga pesa ili mwende kuona wanyama Sibiloi, kule kaunti ya Marsabit, ukingoni mwa Ziwa Turkana. Ni jambo jema. Mbuga ile ya taifa ilianzishwa mwaka 1973. Kuna mamba, viboko, choroa, nyamera na punda milia wa Grevy. Kuna miti ya kale iliyogeuka mawe. Huko Koobi Fora ndiko Mkenya mwenzetu, Bernard Ngeneo, alikopata mwaka 1972 vipande vya fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu, la karibu miaka milioni 2.

Lakini nawauliza: mmepanga kwenda, je, mmepanga kurudi?

Mwaka mmoja nilifuatana na kikundi kule kaskazini. Tulibeba soda nyingi na maji ya siku moja tu. Gari likazama mchangani, tukalala hapo hapo. Kesho yake mama mmoja alikuwa hawezi hata kusimama. Wachungaji waliopita wakatupa maji waliyowachotea mbuzi wao. Tuliokolewa na watu wenye shida kuliko sisi. Nilipata aibu mpaka leo.

Basi tupige hesabu pamoja. Maji ya kunywa na kupikia, lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Watu 12 kwa siku 4 ni lita 240. Ongezeni siku 2 za kukwama: lita 120. Jumla ni lita 360, yaani mitungi 18 ya lita 20. Msitegemee maji ya ziwa, kwa maana yana magadi.

Mitungi hiyo ni kilo 360. Haya, gari lenu litabeba maji hayo na watu wangapi? Hapo ndipo mtajua idadi ya kwenda. Msianze kuandika majina kabla ya kuhesabu mitungi.

Mambo mengine ni haya:

1. Barabara ni ya lami hadi Marsabit. Kutoka hapo, kwa njia ya North Horr, ni mchanga na mawe. Mvua ikinyesha, jangwa la Chalbi ni tope. Epukeni miezi ya mvua.

2. Jazeni mafuta Marsabit, ya kwenda, kuzunguka na kurudi. Magari yawe mawili, yenye nguvu magurudumu yote manne.

3. Ulizeni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kuhusu ada, usalama na mahali pa kulala. Bebeni vitambulisho. Fedha taslimu hazipokelewi langoni, na simu kule ni shida kushika. Lipieni mapema.

4. Msiokote jiwe wala mfupa. Sheria inakataza.

Tena, wote wamechanga lakini si wote watakaoenda. Pigeni kura mbele ya kila mtu, na mweka hazina aandike. Atakayebaki ajue kama zamu yake ni safari ijayo au atarudishiwa pesa zake. Vikundi vingi havivunjwi na umaskini, vinavunjwa na jambo lisiloandikwa.

Mkutano ujao, leteni mitungi yenu mitupu. Tuipange hapa uwanjani tuione kwa macho. Halafu ndipo tuzungumze habari za mamba.